Shajara ya umaliziaji: mlango wa mkongo, meza ya mninga na vishikizo vya mpingo, Kigamboni

11 Januari 2025: kazi yenyewe

Kazi ni ya nyumba moja Kigamboni, upande unaotazama bahari. Kuna mlango wa mbele wa mkongo, ambao upo tayari lakini vanishi yake inabanduka magamba. Kuna meza ya kulia ya watu sita, ya mninga, ninayoitengeneza mwenyewe. Na kuna kabati la paina ya Sao Hill litakalofungwa vishikizo vya mpingo vilivyochongwa Mwenge.

Useremala sitauandika hapa, wala bei ya mbao. Kukata ndimi, kuunga na kupiga randa vimeshafundishwa sana. Ninaloandika ni umaliziaji: kinapakwa nini, kwa nini, kinadumu vipi na kinagharimu kiasi gani. Mafundi wengi tunapaka tulichozoea kupaka, na mteja analipa mara mbili, kwanza kupaka na baadaye kuvua. Hela hiyo ya pili ndiyo inayoniuma.

Swali la kazi hii ni moja: kwa hewa ya Dar, kipi kipakwe vanishi na kipi kipakwe mafuta? Vanishi inajenga utando juu ya mbao. Mafuta yanayokauka yanaingia kwenye vinyweleo na kugandia humo ndani, juu hayaachi kitu cha kushikika. Utando unalinda zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, na hapa kwetu mbao iliyokaa kivulini hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi, halafu jua likiipiga inashuka. Utando usioweza kufuata mwendo huo unapasuka. Ukishapasuka maji yanaingia chini yake, na chini yake hayatoki.

18 Januari: vibao vya majaribio

Nimekata vibao vya mkongo na vya mninga, urefu wa sentimita 40 kila kimoja, kutoka kwenye mabaki. Msasa namba 80, 120, 180, kisha 240. Nimevipa herufi kwa patasi mgongoni, maana kalamu itafutika.

A: sanding sila (ya kuziba vinyweleo kwanza) na laka ya kupulizia, ile inayong'aa kwenye makabati ya mafundi wa Keko.
B: vanishi ya poliyurethani ya ndani, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu).
C: vanishi ya nje, ile ya boti na milango, mikono minne.
D: mafuta ya kitani yaliyochemshwa (dukani wanayaita linsidi), peke yake, mikono mitatu.
E: mchanganyiko wa sehemu moja vanishi ya nje, moja mafuta ya kitani, moja tapentaini. Unapakwa kwa tambara, unaachwa dakika 15 hadi 20, kisha unafutwa wote usibaki juu. Mikono mitano.

Vyote vimepigiliwa juu ya bati la kibanda, vimeinama kuelekea baharini, jua la asubuhi na mvua vivipate sawasawa. Kila kimoja kina tundu la msumari lililopita katikati ya umaliziaji, kwa makusudi, kwa sababu mlango wa kweli una matundu ya kitasa na bawaba, na maji huanzia hapo. Vitabaki huko mpaka masika iishe.

Mama mwenye nyumba amependekeza mafuta ya nazi, kwa kuwa mbuzi ya kukunia ya bibi yake ina miaka mingi na mbao yake bado inapendeza. Pendekezo lina mantiki, kwa hiyo nimeliingiza kwenye jaribio linalofuata.

1 Februari: tone kwenye kioo

Kabla ya kununua mafuta mengi, dondosha tone juu ya kipande cha kioo, lisambaze kwa kidole liwe jembamba, uache dirishani. Nimeweka matone manne: nazi, alizeti, na linsidi kutoka maduka mawili tofauti ya Kariakoo.

Matokeo hadi leo: nazi bado ni maji maji kama nilivyoiweka. Haitakauka kamwe. Kwenye mbuzi inafanya kazi kwa sababu kila siku inaongezwa, lakini mlangoni itakaa inanata, itakusanya vumbi la barabara na baadaye itanuka. Alizeti imeanza kuwa gundi, na itabaki gundi. Linsidi ya duka la kwanza imekauka ikawa utando wa manjano unaokunjamana ukiusukuma kwa ukucha, ndivyo inavyotakiwa. Linsidi ya duka la pili, kopo limeandikwa vilevile na bei ni nafuu kidogo, inateleza bado na inanukia mafuta ya kupikia. Shilingi 18,000 zimekwenda. Duka silitaji. Ninachosisitiza ni kioo, kwa kuwa kopo halisemi ukweli kila siku.

Mafuta ya kitani yanakauka kwa kunywa hewa, si kwa kupoteza maji. Yanachukua oksijeni na kugeuka kitu kigumu. Mabichi yanachukua wiki na wiki. "Yaliyochemshwa" ya dukani siku hizi hayajachemshwa kwa kweli, yametiwa chumvi za madini kama kobalti au manganizi ili yaharakishe. Kwa hiyo usiyapake kwenye mwiko, bakuli wala kibao cha kukatia nyama.

15 Februari: kuvua mlango

Vanishi ya zamani ilikuwa ya ndani, ikapakwa nje. Sehemu za juu, chini ya kivuli cha baraza, bado inashika. Nusu ya chini, inayopigwa jua la asubuhi, inatoka vipande vya ukubwa wa kiganja na chini yake mbao imekuwa ya kijivu. Nimekikagua kipande kimoja kwa karibu: upande wake wa ndani una vumbi laini la mbao limegandamana nacho. Maana yake vanishi yenyewe haikuoza. Jua limepita katikati ya vanishi isiyo na rangi, likavunja nyuzi za juu za mbao, na vanishi ikabaki imeshika vumbi. Mkono mpya juu ya hali hiyo ni hela ya bure.

Tulivua kwa dawa ya kuvulia rangi na chuma cha kukwangulia, kisha msasa namba 60. Kijana anayenisaidia alimalizia kwenye pembe za nakshi kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Usiku ikanyesha. Asubuhi mlango ulikuwa na madoa meusi ya samawati, madogo madogo, kila mahali uzi wa chuma ulipobaki kwenye vinyweleo. Chuma, maji na tanini, ile dutu ya asili iliyomo ndani ya mbao, vikikutana hutoa wino. Kwa mkongo, mninga na mtiki, nyuzi za chuma zisiguse mbao tupu. Tumia brashi ya nyuzi za shaba au ya nailoni.

Dawa yake: limau lililokamuliwa, unapaka, unaacha dakika kumi, unaosha. Madoa mepesi yalitoka. Yaliyozama yalihitaji asidi ya oksaliki kutoka duka la kemikali, kijiko kikubwa kwenye nusu lita ya maji ya moto. Ile ni sumu, vaa glavu, osha mbao kwa maji mengi, na ukija kupiga msasa baadaye funika pua.

Jambo la pili kuhusu mkongo. Vinyweleo vyake vina unga wa manjano, na unga huo unayeyuka kwenye maji. Sugua tambara jeupe lililolowa, utauona. Ndiyo maana ukuta mweupe wa baraza, chini ya fremu, una michirizi ya manjano ambayo mama alidhani ni kutu. Fremu ilipakwa mbele tu. Mgongo wake, na miisho ya juu na ya chini ya mlango, havijawahi kuona brashi, na mwisho wa mbao ndipo maji yanaponywewa kwa kasi kuliko popote. Fundi anayepaka mlango ukiwa umening'inia kwenye bawaba hawezi kufika chini. Ushushe.

Mlango umerudishwa mahali pake mtupu kwa sasa, umefunikwa kwa turubai upande wa nje. Nangoja vibao viseme.

8 Machi: meza, laka na unyevu

Ramadhani imeanza na meza inatakiwa kabla ya Idi. Mama anataka ing'ae, na kinachong'aa upesi ni laka ya kupulizia: inakauka kwa dakika, unapiga mikono yote siku moja. Nilimweleza mashaka yangu kuhusu joto la sufuria, akasema meza itawekwa mikeka. Sawa.

Tumekodi kompresa. Sanding sila mikono miwili, msasa 320, safi kabisa. Laka mkono wa kwanza, safi. Mkono wa pili tulipiga saa kumi na moja jioni, mawingu yamekusanyika, hewa imesimama. Ndani ya dakika tano meza nzima ikawa na ukungu mweupe, mninga wote umefifia.

Kinachotokea ni hiki. Tina, kile kimiminika kinachozimua laka, inaporuka hewani kwa kasi inaupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa imejaa unyevu, uso uliopoa unavuta umande, na umande unanaswa ndani ya laka kabla haijafunga. Tina ya bei rahisi inaruka kwa kasi zaidi, kwa hiyo inaleta ukungu zaidi.

Tulifanya hivi: tukaacha mpaka kesho yake saa nne asubuhi, jua limetoka na unyevu umeshuka. Tukapulizia tina inayokauka polepole, peke yake, nyembamba sana, kutoka umbali wa mikono miwili. Laka ililainika, ukungu ukapanda ukatoka, rangi ya mninga ikarudi. Mkono wa mwisho tulitia kiasi kidogo cha tina hiyo hiyo ndani ya laka na tukamaliza kabla ya saa nane mchana.

Saa za kupaka Dar, kwa chochote kile, nimeziweka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kabla ya hapo mbao bado ina umande wa usiku, na baada ya hapo upepo wa bahari unaleta vumbi na chumvi, halafu jioni inaingia. Na iwe kivulini. Mbao iliyoanikwa juani inatoa hewa kwenye vinyweleo inapopata joto, na hewa hiyo inatoka kama mapovu kwenye vanishi mbichi.

22 Machi: mpingo haukauki

Kabati la paina limekwisha bila shida: sila, vanishi ya poliyurethani mikono miwili, basi. Paina ni ya ndani, haina makuu.

Vishikizo ndivyo vilivyokwama. Nilivipaka mchanganyiko E siku ile ile niliyolipaka kabati vanishi. Paina imekauka zamani, vishikizo bado vinaacha alama ya kidole. Nimevining'iniza kwenye upepo, nimeviweka juani, hakuna kilichobadilika. Chini ya mwanga unaona mng'ao, ukigusa unanata.

Nilivipeleka Keko kwa mzee mmoja anayepiga polishi tangu enzi za viti vya ofisi za serikali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo umevipaka nini?"

Nikamwambia. Akakichukua kimoja, akakinusa.

"Mpingo haupakwi mafuta, mwanangu. Unasuguliwa. Una mafuta yake."

Ni kweli, na sababu iko kwenye kemia. Mpingo na ndugu zake wana dutu ndani yake zinazozuia oksijeni isifanye kazi kwenye mafuta ya kitani, na kwenye vanishi yoyote iliyopikwa kwa mafuta. Mafuta hayapati hewa ya kunywa, yanabaki mabichi. Ukitaka lazima kuupaka kitu, tanguliza polishi ya shelaki (utomvu unaotolewa na wadudu) iliyoyeyushwa kwenye spiriti: hiyo inakauka kwa spiriti kuruka tu, haihitaji oksijeni, na inafunga zile dutu zisipande. Mtiki nao una mafuta yake, lakini huo unatosha kuufuta kwa tina na kuupaka mara moja kabla hayajarudi juu.

Tumevisafisha vishikizo kwa tina mpaka tambara likatoka safi, tukavisugua kwa msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, kisha nta ya nyuki ya Tabora kidogo kwenye kitambaa cha sufu. Mzee aliwasha mashine ya kuchongea, akakizungusha kishikizo dhidi ya kitambaa. Weusi ulikuja kutoka ndani, hauna tabaka juu yake. Gharama: nta shilingi 4,000, na soda ya mzee.

Mzee alinikumbusha pia jambo ambalo sisi watu wa pwani tumeliacha. Vanishi bora za Ulaya na Marekani za karne ya 19 zilipikwa kwa sandarusi, utomvu uliogandia ardhini ukafukuliwa kwenye mrima huu huu na kuuzwa kupitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Sandarusi ya Unguja ilisifika kwa ugumu kuliko nyingine. Msandarusi bado unaota kwenye misitu ya pwani. Vanishi tunazopaka leo zinatumia resini za viwandani badala ya utomvu huo, lakini kanuni ni ile ile: resini ngumu ikapikwa na mafuta yanayokauka. Ukiongeza mafuta unapata vanishi laini inayofuata mwendo wa mbao, ndiyo ya nje. Ukipunguza unapata ngumu inayong'aa, ndiyo ya ndani. Ukielewa hilo tu, nusu ya makopo ya Kariakoo yanajieleza.

12 Aprili: baada ya Idi

Meza imerudi. Pilau ilipakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, mkeka ulikuwepo lakini mwembamba. Kuna duara kubwa jeupe katikati, na mengine madogo ya vikombe vya chai. Pembeni kuna doa ambapo manukato ya spiriti yalimwagika, laka imelainika na kukunjamana.

Laka ya aina hii inakauka kwa tina kuruka, kwa hiyo tina au spiriti kali ikirudi inailainisha tena, na joto vilevile. Si mbaya kwa kabati la nguo au fremu ya picha. Kwa meza ya familia inayopokea wageni, haifai. Mama hakulalamika kuhusu hela, alisema tu, "Fundi, nataka meza ambayo sitamkaripia mtoto kwa ajili yake." Hilo ndilo jukumu nililopewa, na naona ni haki yake.

Mvua haziruhusu kuanza upya. Meza irudi itumike ikiwa na kitambaa mpaka mvua ziishe.

14 Juni: vibao vimeshuka

Masika imepita, upepo ni wa kusi, asubuhi zina ubaridi. Vibao vimeshushwa na kuoshwa kwa maji matupu.

A, laka: imepasuka mistari mistari, imekuwa nyeupe, inabanduka kwa ukucha. Nje haina nafasi.

B, poliyurethani ya ndani: katikati bado inang'aa. Kuzunguka tundu la msumari kuna wingu la maziwa lenye upana wa vidole viwili na ukingo umeinuka. Ndiyo hadithi ya ule mlango, ikiwa mwanzoni.

C, vanishi ya nje: nzuri kuliko zote kwa macho. Rangi imeiva, maji yanasimama juu yake. Kwenye tundu kuna doa jeusi dogo tu.

D, linsidi peke yake: imechafuka vidoa vyeusi vya kuvu, juu mpaka chini. Mafuta ya kitani ni chakula cha kuvu, na hewa yetu inawapa unyevu wa kutosha. Watu wanaosifia linsidi tupu nje wako kwenye nchi kavu au baridi. Huku pwani, hapana.

E, mchanganyiko: mng'ao umekwisha, rangi imefifia kidogo, kuvu hakuna isipokuwa vidoa vichache mwisho wa kibao. Hakuna kilichobanduka, kwa sababu hakuna utando wa kubanduka.

Kisha nikafanya jaribio la pili, ambalo kwangu ndilo lililoamua. Nikavichora C na E kwa msumari, mkwaruzo mrefu unaofika kwenye mbao, nikajaribu kuvirekebisha kama mwenye nyumba atakavyofanya, siyo kama fundi. E: msasa 240 kidogo, tambara lenye mchanganyiko, futa. Kesho yake mkwaruzo hauonekani. C: nilipaka vanishi juu ya mkwaruzo, ikabaki alama yenye kingo, inayoonekana kutoka mlangoni mpaka barabarani. Kuiondoa ni kupiga msasa kibao kizima na kupaka upya.

Kwa hiyo: mlango E. Najua C inalinda zaidi siku ya kwanza, na kwa mtu mwenye fundi wa kumwita kila mwaka ningesema C bila kusita. Lakini mlango wa nyumba ya pwani utachakaa kwa vyovyote vile, na nauliza utachakaa namna gani. E inafifia, na mwenye nyumba anaifufua Jumapili moja kwa tambara. C ikianza kufa inabanduka, na hapo ni dawa ya kuvulia, chuma na wiki ya kazi.

Meza ni jambo jingine. Iko ndani, jua haliifikii, inachohofia ni joto, maji na mikwaruzo ya sahani. Hapo utando mgumu unashinda. Poliyurethani.

28 Juni: mlango

Mlango chini, juu ya mafarasi mawili ya mbao ya kulazia kazi. Kwanza miisho ya juu na ya chini, mikono mitatu ya mchanganyiko mwembamba (tapentaini imeongezwa) mpaka ikaacha kunywa. Kisha mgongo wa fremu. Kisha nyuso. Mkono mmoja kwa siku, saa nne asubuhi. Mkono wa tatu tulisugua kwa msasa wa maji namba 400 mafuta yakiwa bado mabichi, unga wa mkongo ukajaza vinyweleo. Mlango umekuwa laini kwa kiganja.

Matambara sasa, na hapa naomba usipite haraka. Oksijeni inapoingia kwenye mafuta ya kitani hutoa joto. Kwenye mbao joto linatawanyika, lakini kwenye tambara lililokunjwa linajilimbikiza, linaharakisha ukaukaji, ukaukaji unaongeza joto. Nililiinua tambara moja kutoka chini ya benchi, lilikuwa limeviringishwa na kusahaulika tangu asubuhi. Nje lilikuwa kavu. Katikati lilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango, na lilianza kunukia harufu kali ya kuungua. Kibanda kina maranda ya mbao sakafuni na makopo ya tina ukutani. Hakuna kiberiti kilichohitajika.

Sasa tuna sheria: tambara likimaliza kazi linatandazwa peke yake kwenye kamba ya nguo, nje, mpaka liwe gumu kama kadibodi, au linazamishwa kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko. Mfuko wa takataka hapana, kona hapana, mfukoni hapana. Mwambie na kijana wako wa kazi kabla hujamwambia lolote kuhusu brashi.

12 Julai na wiki zilizofuata: meza

Laka imevuliwa kwa tina na matambara. Faida yake moja ni hiyo, inatoka bila kukwangua. Msasa 150, 180, 240. Mninga ulitoa wekundu kidogo kwenye tina, kwa hiyo futa kuelekea upande mmoja wa nyuzi, na paina yoyote iliyo karibu ifunike.

Poliyurethani mkono wa kwanza imetiwa tapentaini theluthi moja izame. Mitatu iliyofuata imetiwa kidogo tu, brashi ya inchi 2 na nusu, kila mmoja baada ya siku, msasa 320 katikati. Uso wa chini wa meza umepata mikono sawa na wa juu. Wengi huuacha, kisha wanashangaa meza imejikunja: upande mmoja unavuta unyevu na mwingine umefungwa.

Vumbi ndilo tatizo la brashi, kwa kuwa utando unachukua saa kadhaa kufunga. Tulimwaga maji sakafuni nusu saa kabla, tukafunga madirisha ya upande wa barabara, na baada ya kupaka hakuna aliyeingia. Vijipunje vilivyobaki kwenye mkono wa mwisho tuliviondoa baada ya wiki mbili kwa msasa wa maji 1000 na nta. Mng'ao ni wa wastani, wa kiatu kilichopigwa rangi bila kusuguliwa sana, na mama anaupenda. Nimemwambia asiweke sufuria wala kitambaa cha plastiki mpaka mwezi upite, kwa sababu kukauka kwa kidole na kukomaa ni vitu viwili.

30 Agosti: hesabu

Bei ni nilizolipa mimi, shilingi za Tanzania.

Meza kwa laka: sila 30,000, laka 36,000, tina lita 5 32,000, tina ya polepole 9,000, kompresa 25,000. Jumla 132,000. Kuivua: tina 32,000, msasa 15,000. Kwa hiyo 179,000 zilitumika kurudi mwanzo.

Meza kwa poliyurethani: lita 2 46,000, brashi 7,000, tapentaini 12,000, msasa 9,000. Jumla 74,000, na hakuna kompresa. Brashi nzuri na uvumilivu wa wiki moja.

Mlango: dawa ya kuvulia 40,000, msasa 30,000, vanishi ya nje lita moja 28,000, linsidi 25,000, tapentaini 12,000. Jumla 135,000, na zaidi ya nusu ni kuvua kazi ya mwanzo. Kati ya lita tatu za mchanganyiko imebaki karibu moja. Nimeitia kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka shingoni, isibaki na hewa, nikamwachia mama na tambara la fulana ya pamba.

6 Desemba: baada ya vuli

Nimepita kuukagua mlango. Nusu ya chini imefifia, kama kibao E kilivyofifia. Ukuta chini ya fremu, uliopakwa chokaa upya Julai, hauna mchirizi wa manjano. Meza haina duara lolote.

Mama alikuwa ameshaipitishia nusu ya chini tambara mwenyewe mwezi uliopita, na aliniuliza kama anapaswa kusubiri muda gani kabla ya kupitisha tena. Jibu: mwagia maji kidogo. Yakisimama matone, acha. Yakitandaa na mbao ikawa nyeusi, ni wakati, safisha vumbi, ngoja siku mbili kavu, upake saa nne asubuhi. Tambara alikuwa amelitandaza kwenye kamba ya nguo, limekakamaa.